Zamu ya Delfina

Saa nane usiku, Jumanne,
zamu ya Delfina Archuleta.
Daftari la mfereji linasema hivyo, kwa wino uliofifia
wa msimamizi aliyenitangulia:
saa tatu za maji, kila wiki.
Delfina yuko kaburini tangu Novemba.

Naenda na tochi na beleshi.
Lango lake ni ubao wa msonobari, umevimba,
unang'ang'ania kingo kama jino bovu.
Nauvuta. Unakataa. Nautukana kidogo,
naomba radhi, navuta tena.
Maji yanasimama kwanza, kama mgeni mlangoni
asiyejua kama mwenyeji wake yungali hai,
kisha yanainamisha kichwa, yanaingia.

Machi tuliusafisha mfereji huu,
watu ishirini na watatu, kila mmoja na kipande chake
nilichompimia kwa fimbo:
Onesimo mwenye goti la chuma,
mapacha wa Trujillo walioletwa na mama yao kwa nguvu,
mwalimu Perpetua, aliyefukua kiatu cha mtoto
akakiweka ukingoni, kimeelekea kijijini.
Tulitoa tope, mizizi ya mierebi, tairi,
na fuko mmoja aliyetutazama kwa dharau.
Kila nyumba hutoa mtu. Nyumba ya Delfina haikutoa.
Kipande chake nilikichimba mwenyewe, jioni,
bila kumwandika mtu deni.

Theluji ya mwaka huu ni haba.
Tangu Januari nimeutazama mlima
kama mama atazamavyo debe la unga,
masikio yakingoja kibaba kikwangue chini.
Mkutanoni nikawaambia: tutagawana uhaba.
Mwenye saa sita atapata nne, mwenye tatu, mbili.
Wakapiga kelele.
Onesimo akasema pilipili zake hazijui hesabu.
Nikamwambia, hata zangu.
Kisha mikono ikanyooshwa, mmoja mmoja,
kama ya watu wanaongoja sindano.

Sheria ya huku ni hii: haki ya maji isiyotumika, hufa.
Shamba likikaa kavu, siku moja barua huja.
Mwanawe Delfina anauza viyoyozi huko Phoenix.
Wamempigia simu watu wa mjini, wenye sauti nyororo,
wanaotaka saa tatu za mama yake
ziteremke kwa bomba hadi kwenye nyumba
ambazo bado hazijajengwa.
"Ni karatasi tu," aliniambia.
Waliosema maji yakimwagika hayazoleki
hawakukutana na wanasheria.
Hawa huyazoa kwa kalamu.

Sikumjibu vizuri. Nilimwambia tu
mitufaha ya mama yake imechanua.
Akanyamaza. Nyuma yake
nilisikia mashine ya kupoza hewa ikinguruma.
"Hata ule wa karibu na choo cha zamani?"
"Ule hasa," nikasema.
Hakuahidi kitu,
na daftari langu halina safu ya kuandikia ukimya.

Basi nimesimama shambani mwa marehemu, buti zimezama,
naelekeza maji kwa beleshi, tuta hadi tuta.
Udongo unatoa mlio mdogo,
kama mtu anayefyonza chai ya moto.
Zamu ya Serafin, jirani wa chini, inaanza saa kumi.
Najua yuko macho. Taa ya jikoni kwake inawaka
na anahesabu, na ana haki:
maharage yake yamekunja majani kama ngumi.

Saa kumi kasoro dakika tano.
Mti wa karibu na choo bado haujafikiwa.
Nachora njia kwa kisigino, haraka, kama mwizi,
mimi ninayewatoza wengine faini kwa dakika mbili.
Saa kumi. Saa kumi na dakika moja.

Mtu anakohoa gizani, karibu kuliko nilivyodhani.
Ni Serafin, na beleshi begani.
Anautazama mti. Anayatazama maji,
yamebakiza hatua tatu.

"Mwache amalize," anasema.