Shikia Kikonyo

Nasikia huko pwani chunusi ni jini,
huwashika waogaji miguu na kuwazamisha.
Kwetu Mpunguzi hakuna hata dimbwi la kuzamia,
basi kaja kukaa kwenye paji la uso wa mwanangu.

Nyemo ana miaka kumi na mitano
na kioo kimoja, cha pikipiki iliyokufa,
amekining'iniza kwa waya juu ya karai.
Asubuhi anahesabu: saba, nane,
hii jana haikuwepo.
Kisha kidole na kidole vinakutana,
nami mlangoni najifanya natafuta jembe.

Amekwisha jaribu.
Dawa ya meno, akalala nayo kama ukuta uliopigwa chokaa.
Ndimu, ikamuunguza, akasema haiumi.
Krimu ya mnadani, kikopo hakina jina,
shilingi elfu mbili:
wiki ya kwanza akang'aa, ya pili akamenyeka
kama kiazi cha moto.
Nilikitupa shimoni kile kikopo.
Siku tatu hakusema nami.

Na ningemwambia nini, mimi mwenye uso huu?
Nilipokuwa kama yeye nilitumbua kwa mwiba wa mgunga
nikingoja ng'ombe wanywe,
mwiba haukuoshwa, wala mkono.
Haya mashimo shavuni, watu husema ndui.
Mimi huwaacha waseme ndui.

Nesi Perusi pale zahanati hakutoa maneno mengi.
Nawa mara mbili, si mara sita.
Sabuni laini, hiyo ya kufulia iache ifue.
Usisugue, hilo si sufuria.
Mafuta mazito peleka miguuni, uso upe mepesi.
Foronya, fua. Kilemba, fua.
Mikono, iwe mbali.
Akampa tyubu ndogo: usiku, kiasi cha punje ya dengu,
na mchana kofia, dawa hii haipatani na jua.
"Itachukua muda gani?"
"Wiki nane. Labda kumi na mbili.
Zikigoma, rudi, zipo dawa nyingine."
Nyemo akanitazama kama mtu aliyesomewa hukumu.

Maji yetu ni ya dumu, ya kununua, na yana chumvi.
Tukapanga: kikombe cha bati asubuhi, kikombe cha bati jioni,
hivyo ni vya uso,
havipikiwi, havinywewi, hata aje mgeni.
Mama yake aliguna.
Siku hizi ni yeye anayekifunika kwa sahani
upepo wa Agosti unapoleta vumbi jekundu.

Zabibu zikaiva. Nikampeleka shambani, mstari wa tatu.
"Shikia kikonyo," nikamwambia, "tunda usiliguse.
Unauona ule unga mweupe juu yake,
kama pumzi kwenye kioo?
Ukiupangusa haurudi,
na mnunuzi akija atajua mkono ulipita."
Sikutaja uso. Nilikuwa naongelea zabibu, haki ya Mungu.
Akakata vishada kumi na kitu, kimya.
Jasho likamshuka, mkono ukapanda kwenda shavuni,
ukasimama njiani,
ukarudi kwenye kikonyo.

Leo wiki ya tisa.
Za kwenye paji zimenywea, zimeacha madoa.
Kidevuni mbili bado ni wakaidi,
na juzi, kabla ya mtihani, ilizuka moja puani
akalia kidogo, akanawa, akaenda shule.
Kioo bado kinaning'inia, ila haulizwi idadi.

Jana magharibi alinikuta uani navua viatu.
Akanitazama shavu, muda mrefu.
"Baba, hiyo ndui yako iliuma?"
Nikasema haikuwa ndui.

Hakucheka.
Akafunua kikombe chake cha jioni,
akanimiminia nusu viganjani.