Dirisha la Boksi

Bi. Apondi hakutaka kuiona kamera yangu siku ya kwanza.
Alinipa boksi la sabuni na kisu cha jikoni:
kata dirisha, upana wa vidole vinne,
nenda nalo mashambani, usirudi kabla ya saa nne.

Nikasimama juu ya tuta la mpunga, Ahero,
nikiichungulia dunia kupitia boksi la sabuni.
Wafukuza ndege waliacha kufukuza ndege.
Mmoja akauliza kama serikali inapima barabara tena.
Nikasema ndiyo. Ilikuwa rahisi kuliko ukweli.

Picha zangu za awali alizitandaza mezani,
akavua miwani, akaivaa.
Kila kitu kilikuwamo: milima ya Nandi, yangeyange,
trekta, nyaya za stima, wingu, ncha ya kidole changu.
"Umebeba soko zima," alisema,
"na chumvi umeisahau."

Miaka thelathini na moja alipiga watu picha
katika chumba kimoja Kisumu, nyuma ya kinu cha posho,
mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji
na swala wawili wenye shingo za twiga.
Maharusi, polisi wapya, watoto wa ubatizo,
wote walisimama mbele ya maji yale yale
ambayo hayakumlowesha mtu.
"Mandhari niliijua kwa kuiziba," alisema.
"Sasa nataka kuona walichokuwa wakikifunika."

Akanifundisha bila mpangilio, akimenya viazi.
Upeo usiukate katikati
kama mandazi ya watoto wanaogombana.
Amua: unasema habari za mbingu au za matope?
Na tuta lile si tuta, ni kidole.
Likielekeza nje ya picha, mtazamaji atalifuata,
atakwenda zake, hutamwona tena.
Piga magoti.

Nikapiga magoti. Maji ya mfereji yakaingia kiatuni.
Ndago, niliyoikanyaga maisha yangu yote,
ikawa nguzo, ikasimama mbele,
na milima ikarudi nyuma, mahali pake,
bluu, kimya, bila kuombwa.
Mwanga ulikuja umelala kutoka upande wa Kericho,
ukapita juu ya vitalu vilivyojaa maji, kimoja, kingine,
kama mtu anayefungua madaftari ya darasa zima.
Sikubonyeza. Nilisahau.

Sebuleni kwake kuna mstari ukutani,
wa kahawia, usawa wa kifua changu.
Mto Nyando uliuchora usiku mmoja wa Aprili.
Ameupaka rangi mara tatu, mara tatu umerudi.
"Huo ndio upeo ulionyooka kuliko wote niliouona,
na angalia, uko katikati kabisa."
Akacheka mpaka akakohoa.
"Maji hayakusoma kwangu."

Mwezi wa sita nikaenda palipokuwa kwetu.
Pale mto ulipojigeuza kitandani, ukalala upande wetu,
hapana nyumba, hapana mwembe, hapana choo,
tope limekauka, limepasuka vipande kama sahani.
Imebaki nguzo moja ya kuanikia nguo.
Nikaitafuta ndani ya boksi. Kulia. Kushoto zaidi.
Nguzo haisogei; nilisogea mimi,
hatua moja, nusu hatua, nikarudi.
Mbingu nikaipa nusu, tope nikalipa nusu.
Nilijua ninachofanya.
Nikaliweka boksi chini, nikainua kamera,
nikabonyeza mara moja tu.

Bi. Apondi aliishika picha kwa kingo zake.
Chai ikapoa. Hakusema nzuri, hakusema mbaya.
Aliuliza: "Kamba ilikuwa ikifika wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole,
kutoka kwenye nguzo, kupita tope,
kupita ukingo wa karatasi,
juu ya kitambaa cha meza,
mpaka karibu na bakuli la sukari.