Maili Thelathini na Moja

Wendell, leo nimepigwa tochi.
Usicheke. Nilikuwa Barabara ya Korongo, pale bwawani
penye kibao cha kukataza watu kulisha mamba,
ndani ya kigari chako cha gofu, viatu vya kanisani miguuni,
na bakuli la saladi ya viazi nimelifunga mkanda
kwenye kiti cha pembeni, maana ni zito na halitulii.

Taa za buluu zikawaka nyuma yangu.
Nikasogea kumpisha. Nilidhani kuna mtu kaanguka bafuni,
kwani hapa Cypress Hollow
ving'ora vyote huwa vinakwenda bafuni kwa mtu.
Naye akasogea. Nikasogea tena, magurudumu mawili kwenye majani.
Akasogea.
Ndipo nikajua ni mimi.

Kijana wa watu, masikio yamebabuka kwa jua,
kifuani kaandikwa TADLOCK. Nadhani ni mjukuu wa yule
aliyetuuzia mashine mbovu ya kukata nyasi.
Alianza kupiga saluti, akaikatiza njiani.
"Bibi," akasema, "unajua ulikuwa ukienda kasi gani?"
Nikamwambia, mwanangu, nina miaka sabini na tisa;
mara ya mwisho kuulizwa swali hilo
aliyeniuliza alikuwa na sharubu, nami nilikuwa na gari jekundu.

Akataka leseni. Nikampa.
Akataka bima. Nikampa kadi ya hospitali.
Aliitazama kitambo, akanirudishia kwa mikono miwili.
"Mwisho hapa ni ishirini, Bibi. Na kigari kama hiki
hakikuumbwa kuzidi hapo."
"Ndivyo nilivyomwambia mume wangu," nikasema,
kumbe nimeshakiri kosa kwa sauti.

Akakigeuza kile kidude nione mwenyewe.
Tarakimu nyekundu. Thelathini na moja.

Hapo nilinyamaza, Wendell.
Nilikumbuka wiki zile zote gereji,
taa kwenye paji la uso, mkebe wa skrubu, redio ya besiboli,
wewe umelala chini ya kigari
ukitoka jioni na grisi mpaka kwenye nyusi:
nimekitoa spidi gavana, Verlene, sasa kinagonga thelathini.
Nami nikijibu: kinagonga kuta.
Ogletree naye, juu ya ua, akisema kobe wake
atakusubiri kwenye kona.
Ulitaka nipande, nishuhudie. Nikasema kesho.
Nilikuwa nakunja taulo. Sijui ni taulo gani
zenye umuhimu kiasi hicho.
Kesho ikaja na king'ora, nacho, ndiyo,
kilikuwa kinakwenda bafuni.

Nikalia kidogo. Kijana akaogopa.
Akasema ataniandikia onyo tu, bila faini,
wazee huwa wanawaonea huruma.
Nikamshika mkono wa shati. Hapana, nikasema. Andika.
Andika namba kama ulivyoiona, usipunguze hata moja,
andika saa, andika barabara, weka sahihi na namba ya beji.
Nataka karatasi ya serikali.

Akaandika. Dola mia moja na kumi na sita.
Saladi ilifika imechacha upande mmoja;
tukala upande wa pili.

Karatasi nimeibandika kwenye friji, juu ya miadi ya daktari wa meno.
Jioni Ogletree kaja kuazima ngazi.
Ngazi iko nje, lakini nikampitisha jikoni.
Kasoma. Kasogea, kasoma tena bila miwani, kisha na miwani.
Kavua kofia.

Fundi anakuja Alhamisi kurudisha spidi gavana;
ndivyo sheria inavyotaka, na mimi si mtu wa kubishana na sheria.

Leo ni Jumanne.