Dirisha la Stoo

Ajali haina kinga, husema watu.
Mimi ndiye ninayegawa kinga:
glavu, miwani, viziba masikio.
Vyote hupitia dirishani kwangu,
na mkono unaovipokea huniambia mengi.

Mkono wa Ilgvars hukagua mshono, kushoto, kulia,
hutia saini kwa herufi za darasani.
Miaka kumi na tisa kwenye msumeno mkubwa
na vidole vyote anavyo.
Guntis, yeye, glavu huzichomeka mfuko wa nyuma
kama leso ya kwendea harusini.
Kofia imeenda upande, mluzi mdomoni,
saini yake nyoka aliyekanyagwa.

Ungeniuliza nani atakatika
ningekujibu bila kupepesa macho.

Ikaja Novemba. Misonobari iliyoganda ikashuka kwa malori,
oda ya Uswidi, tarehe imeshapigwa muhuri,
na msimamizi Modris akaandika ubaoni kwa chaki
dakika zilizopotea, na za nani.
Zamu ya saa nane ikawa kumi, kumi ikawa kumi na mbili.
Nyumbani, mama yake Ilgvars hatofautishi tena mlango na dirisha;
usiku kucha mwana anamrudisha kitandani.
Asubuhi moja akasaini mara mbili, mahali palepale.
Nikaona.
Foleni ilikuwa ndefu.

Alhamisi gogo likakwama.
Kuzima, kungoja meno yatulie, kuwasha tena:
dakika kumi na moja.
Na Ilgvars, anayeona haya
hata kuwachelewesha wenzake chai,
akainama, akapenyeza mkono.
Macho yake yalikuwa ubaoni.

Aliyevuta kamba nyekundu ni Guntis.
Hakufikiri. Lini amewahi kufikiri?
Hamwogopi Modris, haogopi baridi,
akaning'inia kwenye kamba kwa uzito wake wote
na kiwanda kizima kikanyamaza,
tukasikia theluji ikiporomoka paani.

Glavu ililiwa.
Mkono ulitoka mtupu, mweupe,
ukitetemeka kama kifaranga cha siku moja.

Modris aliandika: dakika arobaini. Guntis.

Siku hizi nalifunga dirisha.
Mtu akisaini mara mbili namwambia pita ndani, keti,
na birika naliwasha mbele yake.
Foleni hunung'unika, hugonga kioo.
Guntis hugonga kuliko wote,
glavu zikiwa mfuko wa nyuma.