Slovakia kwa Masikio

Saa mbili usiku meza ya jikoni imekuwa bohari:
soksi za sufu jozi mbili, chupa ya chai,
mkate mweusi uliopakwa mafuta na vitunguu,
bendeji ya goti, tochi ya kufunga kichwani,
na ramani iliyokunjwa hadi mikunjo ikatoboka.
Oldřich ameketi, gongo limeegemea jokofu.
Nyonga yake mpya ina wiki tano,
naye anaamrisha kama kocha aliyefukuzwa uwanjani:
"Koti la mvua chini? La! Liweke juu.
Mvua ya Beskydy haipigi hodi."

Naliweka juu. Akigeuka, nalirudisha chini.

Miaka ishirini na tisa tumeupanda mlima ule,
na miaka ishirini na tisa nimeishia chini ya mnara,
nimekaa kwenye kisiki, nimepakata makoti mawili,
yeye akipanda ngazi za mbao kwa mbinja.
Kisha sauti ikidondoka kutoka juu:
"Naiona Slovakia! Njoo uone, Drahuško!"
Nami nikijibu, "Nieleze tu, nakusikia vizuri."
Slovakia nimeijua kwa masikio.

Tangu Agosti nafanya mazoezi:
ngazi za jengo letu, ghorofa kumi,
mkoba mgongoni, na ndani yake kilo nane za viazi.
Mnara una vidato mia moja arobaini na vinne.
Jengo lina mia moja themanini. Nimehesabu.
Kwa hiyo miguu yangu ilishafika kileleni mwa mnara,
ikapitiliza, ikaenda hewani,
ikarudi nyumbani kula chakula cha jioni.
Ni macho tu ambayo hayajapanda.
Ngazi zetu zina kuta, zina harufu ya kabichi,
zina Bi Zdislava wa ghorofa ya sita
aliyefungua mlango nilipopita mara ya tatu, akauliza,
"Lifti imeharibika, au ni wewe?"
"Ni mimi," nikasema.
Akacheka, akaniletea fimbo zake mbili za kutembelea,
mpini mmoja umezungushiwa utepe wa bluu.

Kupanda ni saa nne.
Mizizi yenye utelezi, kisha mawe,
kisha ule mteremko wa skii, nyasi tupu, hauna huruma,
ambapo moyo hugonga masikioni
kama jirani mwenye malalamiko.
Hayo siyaogopi. Mimi na jasho tunafahamiana.
Ninachoogopa ni uwazi kati ya kidato na kidato,
ile hewa inayochungulia chini ya soli.

Oldřich anajua. Hasemi.
Anakata jibini vipande vyembamba kuliko kawaida,
anavifunga kwenye karatasi,
halafu anachomoa mfukoni mwa sweta
kioo changu cha mkononi, chenye ufa pembeni.
"Saa sita mchana nitakuwa kwenye roshani na darubini.
Mnara ni kama njiti ya kiberiti, lakini unaonekana.
Nimulikie."
"Na wingu likitanda?"
"Basi nitatazama wingu."

Kioo nakivingirisha ndani ya soksi.
Koti la mvua nalihamishia juu, bila kuambiwa.

Saa kumi alfajiri.
Nafunga kamba za viatu, fundo juu ya fundo.
Treni haimngoji mtu mwenye goti.
Yeye amesimama mlangoni kwa gongo lake,
nywele zimetimka upande mmoja,
na mkononi ana koti lake la mlimani, lile la kijani.
Hanipi. Nami siliombi.
Amelishika tu,
kama mtu anayejifunza kazi.

Lifti imefika, mlango wazi, taa yake ya njano.
Nashuka kwa miguu.