Ritifaa ya Bibi Marc'hadour

Saa nane usiku, Kemper, mvua ya Novemba
inapiga vioo vya ofisi ya maji,
na Nolwenn Cariou anasoma kumbukumbu za seva
mstari kwa mstari, kama atafutaye chawa.

Hapa. Jumanne, saa nne na dakika sita.
Bibi Soizic Marc'hadour aliomba mita mpya.
Aliandika jina lake
kama lilivyochongwa kwenye kaburi la babake,
na ritifaa katikati, kialama kile kile
ambacho ng'ombe wetu hasimami bila yake.

Seva haikuona jina.
Iliona sentensi imekoma,
na mkia uliobaki ikaudhani amri.
Ikaanguka. Ikamtapikia bibi kwenye kioo
majina ya majedwali, matumbo ya nyumba.
Bibi akazima kompyuta, akijilaumu.

Alhamisi akaja mwingine, asiye na jina,
akagusa pale pale kwa ritifaa ile ile,
kisha akaandika amri anayoijua.
Ikatiiwa.
Kaya elfu sita: anwani, madeni, akaunti za benki.

Asubuhi kikao, kahawa ya moto.
Gwenaël wa fomu: mimi napaka rangi mlango,
ukaguzi ni wa seva.
Kerdoncuff wa seva: mimi napokea niletewacho,
maana inajulikana na skripti.
Na mwandishi wa skripti alihamia Lyon mwaka juzi.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi;
huu ulizunguka meza nzima
bila kumchosha mtu.

"Basi tupige marufuku ritifaa," mmoja akasema.
"Nusu ya mkoa ikose maji?" Nolwenn akauliza.
"Na mwizi akija bila ritifaa?"

Kisha akafungua msimbo ukutani, mstari wa 212,
akausoma kwa sauti, hadi maneno ya pembeni:
*Imepitiwa, haina tatizo. N. Cariou.*
Ijumaa, saa kumi na moja kasoro dakika tano.
Hakuna aliyegusa kikombe.

Usiku ule alitenganisha swali na jibu.
Swali litangulie, likiwa limefungwa;
jina lifuate ndani ya kisanduku chake,
libebwe, lisitiiwe.
Fomu ikague, ndiyo, kwa adabu.
Seva ikague kana kwamba fomu haikuzaliwa.

Akampigia bibi simu: jaribu tena.
"Niandike na kile kialama," bibi akauliza,
"au nikiache?"

"Nacho, bibi.
Kosa halikuwa lako."