Tone la Julai

Julai, Chiromo. Jua limejifunika blanketi la kijivu
kama mtu aliyekataa kwenda kazini.
Niko juu ya paa tangu saa mbili
na chupa ya kioo, mrija, na unga
ambao ukimwagika utadhani ni vumbi la chaki.

Si vumbi. Mutheu aliupika tanurini siku nne,
akautia shaba kidogo, akautoboa matundu
madogo kiasi kwamba unywele mmoja
ungekuwa kwao shina la mkuyu.
Kila tundu ni mlango, na mlango una kazi:
kuidaka hewa ya moshi, kuikaba shingo,
mwanga uivunje mbavu,
maji yaikopeshe hidrojeni,
itokee upande wa pili ikiwa kitu kinachowaka.

Hewa hatuikosi. Ipo pale chini, Barabara ya Waiyaki,
inapanda bure, haina risiti.
Tunachokosa ni jua.

Ekai, bawabu, anapanda na chupa yake ya chai.
"Bado halijatoka?"
"Bado."
"Kwetu Lodwar mngelikimbia."
Anainama, anachungulia kioo, anasogeza kofia.
"Na hayo mafuta, yatachemsha chai lini?"

Sina jibu, basi nacheka.

Saa nane kasoro wingu linapasuka.
Dakika arobaini! Nazihesabu kama mshahara.
Unga unatifuka majini, viputo vinapanda
vyembamba kama mayai ya chawa.
Halafu blanketi tena.

Jioni umeme unapotea.
Mashine ya kupimia haisomi gizani,
kwa hiyo tunawasha jenereta:
lita mbili za dizeli, moshi mweusi juu ya mijakaranda,
ili tujue moshi mwingine umetupa nini.
Mutheu ananitazama. Hakuna anayesema kitu.

Kisha anasoma namba. Anairudia.
Methanoli, ndiyo. Ila haiwezi
kulowesha ulimi wa sisimizi.
Haba na haba, watu husema.
Hii haijafika hata haba.

Lakini ya jana ilikuwa nusu yake.

Naandika daftarini kwa kalamu, mtandao nao umekwenda.
Tarehe. Uzito wa unga. Dakika za jua: arobaini.
Dizeli: lita mbili, nayo naiandika.
Na chini kabisa, mahali pa maoni,
ambapo kwa kawaida huweka kistari tu:
Ekai anauliza chai.